Mashine Mpya Si Upanuzi: Dhana Potofu Kuhusu Vituo vya Mafunzo ya Viwandani Nyanda za Juu Kusini

Kikao cha kupanua kituo cha mafunzo ya viwandani, kiwe Mbeya, Iringa au Njombe, hakiishi kabla mtu hajasema: “Tupate kwanza CNC ya kisasa, mengine yatafuata.” Wenye viwanda wanaitikia kwa kichwa, wajumbe wa bodi nao wanaitikia, na bajeti yote inaishia kwenye mashine hiyo moja ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Hakuna dhana iliyokula fedha za vyuo kama hii, kwa hiyo nitakaa nayo. Nyingine nitazipitia haraka.

Anzeni na hesabu ya mikono. Darasa lina wanafunzi 20, wiki ina saa 30 za vitendo. Mashine ikiwa moja, kila mwanafunzi anaigusa saa 1 na nusu kwa wiki. Muda uliobaki anachungulia juu ya bega la mwenzake. Mashine 5 za kawaida za kukereza zinampa kila mmoja saa 7 na nusu. Nasema wazi: kituo kinachoanza kununua CNC kabla ya kuwa na mashine 5 za kawaida zinazofanya kazi kimekosea mpangilio. Mtu asiyejua kisu butu kinalia vipi kwenye chuma hataokolewa na kioo cha kompyuta.

Njooni kwenye malighafi, maana hapo ndipo karakana nyingi zinapokufa kimyakimya. Chukulia zoezi la kukereza shafti kutoka nondo ya duara ya milimita 45, kila kipande milimita 150. Ongeza milimita 3 za msumeno kwa kila kipande, nondo ya mita 6 inatoa vipande 39. Wanafunzi 20 wakifanya mazoezi 8 kila mmoja, ni vipande 160. Hizo ni nondo 5, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 75 hivi, na vinabaki vipande 35 vya kufidia vitakavyoharibika. Vitaharibika, na ni lazima viharibike, kwa sababu ndivyo mtu anavyojifunza. Upande wa kuchomelea, mwanafunzi akiunguza fito 20 za milimita 3.2 kwa kipindi kimoja, darasa zima linamaliza karibu pakiti 3 za kilo 5 siku hiyo hiyo. Kama hamjatenga malighafi za mihula 3, msinunue mashine. Mwanafunzi atapewa kipande kimoja, ataogopa kukikosea, naye atahitimu na woga huo.

Umeme nao hausubiri. CNC ya ukubwa wa kati inaweza kudai kVA (kipimo cha mzigo wa umeme) 15 hadi 25 peke yake, fezi tatu, na haivumilii volti zinazopanda na kushuka. Muulizeni fundi wa TANESCO uwezo wa transfoma yenu kabla hamjatia saini ya ununuzi, na mtenge fedha za kidhibiti volti. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalitaji: mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mota za kawaida hutengenezwa kwa kufanya kazi hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na mota iliyofikishwa kwenye mzigo wake wa mwisho inachemka. Shinikizo la hewa Mbeya liko chini ya lile la pwani kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo kompresa iliyochaguliwa kwa vipimo vya pwani inahangaika kufikisha shinikizo la bar 6 kwa kasi inayotakiwa. Jenereta ya dizeli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ya kVA 60 kwenye karatasi itawapa kama 50. Mufindi ni juu zaidi, na hasara ni zaidi.

Lakini hata mkitimiza yote hayo, swali kubwa linabaki: viwanda vyetu vinasimama kwa sababu gani? Viwanda vya mbao vya Mafinga husimamishwa na misumeno isiyonolewa sawasawa, beringi na mikanda iliyopinda. Vya chai vya Mufindi na Rungwe vinasumbuliwa na feni za kunyausha majani, rola za CTC (za kukata, kuchana na kukunja majani) zilizokwisha makali, na boila inayolishwa kuni mbichi. Mashine za mpunga Mbarali zinakwamishwa na rola za mpira zilizolika na mikanda ya lifti za nafaka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na CNC.

Kwa hiyo mkienda kiwandani kuuliza mahitaji, msiishie ofisi ya rasilimali watu. Huko mtaandikiwa “stadi za kidijitali” na mtarudi na karatasi nzuri isiyo na kazi. Nendeni stoo. Ombeni leja ya vipuri ya miezi 12 na mhesabu kilichotoka mara nyingi zaidi na kilikwenda mashine gani. Mkiona beringi namba 6308 imetolewa kwa mota ileile kila baada ya miezi 2, msilaumu beringi haraka. Mara nyingi kosa liko kwenye mikono iliyoifunga.

Tuitazame hiyo kwa karibu. 6308 ina tundu la milimita 40, na ringi yake ya ndani hukaa kwa kubana kwenye shafti. Fundi asiyefundishwa anaipachika kwa nyundo na kipande cha bomba, anagonga ringi ya nje kwa sababu ndiyo pana na ndiyo iliyo karibu. Kila pigo linapita kwenye gololi kabla ya kufika ringi ya ndani, nazo zinaacha vidonda vidogo kwenye njia yake, ambavyo jicho halivioni. Mota inawashwa, inanguruma vizuri, watu wanapongezana. Wiki chache baadaye inaanza kulia. Njia sahihi ni kuipasha moto hadi nyuzi 110 hivi kwenye hita ya beringi, isizidi 120, kisha inateleza yenyewe kwenye shafti na unaishikilia mpaka ipoe. Moto wa gesi wa moja kwa moja haufai, maana unaharibu ugumu wa chuma. Kama hakuna hita na ni lazima ugonge, bomba likae kwenye ringi ya ndani peke yake. Grisi nayo isijazwe pomoni. Theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi inatosha, ikizidi beringi inachemka.

Kozi ya kufundisha hilo inahitaji hita 1, kipimajoto, pula 5 za kung'olea beringi, vipimio 5 vya mshale (dial gauge) vya kupimia mnyooko wa shafti na beringi 40. Na zile shafti? Ni vile vipande mlivyokereza. Kiti cha beringi hiyo kinatakiwa kiwe kati ya milimita 40.002 na 40.018, kwa hiyo mkerezaji na fundi wa mitambo wanafundishwa kwa kipande kimoja cha chuma, na maikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, inakuwa chombo cha kila siku badala ya kulala kabatini. Hapo ndipo kituo kimeanza kupanuka.

Sasa zile dhana nyingine, haraka. “Tunalipa tozo ya ufundi stadi, kwa hiyo chuo kitufundishie watu bure.” Tozo hiyo hulipwa TRA (Mamlaka ya Mapato) na waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na inakwenda serikalini. Haikununulii kiti kwenye kozi yoyote. Kozi fupi ya kiwanda chako ina gharama zake, na mnakaa mezani kuzijadili.

“Fundi asiye na cheti aanze ngazi ya kwanza.” Huku ni kumdharau mzee aliyeendesha boila miaka 15. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa yale yaliyopungua tu, anapewa cheti. Kituo kinachopanuka kitenge benchi na siku za upimaji huo, na mpimaji awe mtu wa fani hiyohiyo.

“Mkufunzi bora ni mwenye shahada ya juu.” Ninachokitaka kwa mkufunzi wa matengenezo ni mikono iliyokaa kiwandani, na irudi huko angalau wiki 4 kila mwaka. Na kila mashine ifundishwe watu 2. Mkimpeleka mmoja tu kwa muuzaji, siku akihama mashine inafunikwa turubai, na vumbi la kiangazi linaikuta hapo.

“Kozi ndefu ndiyo yenye hadhi.” Kiwanda cha chai hakiwezi kukuachia fundi miezi 6. Kitakuachia siku 3 hadi 5, na si wakati wowote: majani hujaa kipindi cha mvua, Desemba hadi Mei, na hapo hakuna meneja atakayemtoa mtu. Juni hadi Septemba, baridi ikipiga na mavuno yakipungua, ndipo mafundi wanapatikana na mitambo yenyewe inafunguliwa kwa matengenezo makubwa. Kozi za mafundi wa chai ziwekwe hapo. Wa kahawa wa Mbozi msiwaite miezi hiyo, maana wao ndio kwanza wanavuna. Wapangieni Januari au Februari. Na kozi za jioni zianze saa 11, baada ya zamu ya mchana kutoka, basi la kuwarudisha likiwa limeshalipiwa.