Donda Lisilotaka Kisu: Maswali na Majibu Kuhusu Pioderma Gangrenosamu

Daktari, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kipele kilinitoka mguuni, baada ya siku chache kikapasuka kikawa donda lenye ukingo mweusi uliovimba. Usiku silali kwa maumivu. Antibiotiki nimemeza mpaka nimechoka. Ni nini hiki?

Pole sana, dada. Bila kukuona siwezi kukupa jibu la mwisho, ila maelezo yako yananifanya nishuku pioderma gangrenosamu. Jina linatisha bure: hapo hakuna kijidudu wala nyama kuoza kwa kukosa damu. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui. Chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili hujazana kwenye ngozi na kuiharibu. Hata madaktari wa Marekani walioupa ugonjwa jina hilo mwaka 1930 walidhani chanzo ni bakteria, kwa hiyo usishangae ukiandikiwa antibiotiki.

Vitabu vingi husema ukingo huwa wa zambarau. Kwenye ngozi nyeusi unaweza kuonekana mweusi zaidi au wa kijivu, na hapo ndipo wengi hupitwa.

Majirani wanaogopa kunikaribia. Nitawaambukiza?

Hapana. Kula nao, lala na mwanao.

Si donda la Buruli hilo, lile la ngozi linaloletwa na bakteria?

Swali zuri. Buruli kwa kawaida hauumi sana. Hili huuma kupita ukubwa wake. Lakini maumivu peke yake hayatoshi, na hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha pioderma. Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi ukingoni ili kuondoa kwanza Buruli, kifua kikuu cha ngozi, kansa na magonjwa ya mishipa. Kituoni kwako omba rufaa ya kumwona daktari wa ngozi, hata ikibidi kupanda hospitali ya rufaa ya Bugando.

Nimeshauriwa nikatwe nyama mbovu ili donda lipone haraka.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa donda la kawaida ushauri huo ni sahihi kabisa. Kwa hili, kwa baadhi ya wagonjwa, kila jeraha jipya huuamsha ugonjwa: unakata sentimita mbili, donda linaongezeka nne. Mshono wa upasuaji, sindano, hata kujigonga kwenye ngalawa vinaweza kuanzisha donda jingine. Chale za mganga ni hatari zaidi, maana hukata palepale panapowaka. Uvimbe ukishatulizwa kwa dawa, upasuaji au kupandikiza ngozi vinaweza kufikiriwa.

Osha kwa maji safi au ya chumvi ya hospitali, funika kwa bandeji isiyonata. Usilioshe ziwani: kuna kichocho na bakteria usiowahitaji.

Mbona daktari aliniuliza habari za choo na magoti wakati tatizo ni mguu?

Kwa sababu karibu nusu ya wagonjwa wana ugonjwa mwingine ndani: uvimbe sugu wa utumbo, yaani kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, baridi yabisi, au matatizo ya damu, zikiwemo baadhi ya saratani zake. Donda linaweza kutangulia hata kabla tumbo halijalalamika.

Kwetu kandokando ya ziwa kuna mtego. Mtu akiharisha damu, wazo la kwanza ni kichocho au amiba, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ukitibiwa na damu ikaendelea, usirudie dawa zilezile. Sema una donda, uliza kama unahitaji kamera ya utumbo.

Linatibika?

Linatulizwa, na wengi hupona, ila polepole. Dawa kuu ni prednisoloni. Nyingine ni siklosporini. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulizilinganisha kwa wagonjwa 121: baada ya miezi sita, kila upande takriban nusu walikuwa wamepona. Zikishindikana kuna sindano kama infliksimabu, lakini bei yake hainipi furaha.

Dawa hizi hupunguza kinga, hivyo kabla ya kuanza upimwe VVU, kifua kikuu na sukari. Minyoo nayo itibiwe, hasa ule uitwao strongiloidi, kwani chini ya prednisoloni unaweza kusambaa mwilini na kuua. Na usiache vidonge ghafla kwa sababu donda limekauka. Dozi hushushwa kidogokidogo na daktari.

Kovu litabaki, na ugonjwa unaweza kurudi. Jina lake liandikwe juu kabisa ya daftari lako la kliniki, na umwoneshe mapema yeyote anayetaka kukupasua, hata kama ni kwa kidole tumbo.