Kisanduku kimoja cha shamba na cha uzio wa tembo

Uzio wa umeme unaozunguka safu ya Aberdare nchini Kenya una urefu wa kilomita 400 hivi, na ulikamilika mwaka 2009. Ndani kuna tembo, nje kuna mahindi na viazi. Mkulima wa mpakani ana maswali mawili: udongo umekauka? Uzio una umeme? Yote hujibiwa na kifaa cha aina moja: bodi ndogo ya kielektroniki yenye redio ya LoRa (inayotuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) ya 868 MHz, betri ya lithiamu, paneli ya sola ya wati 1 na kihisi. Kukiunda ni kazi ya siku moja. Kukifikisha mwisho wa msimu ndiyo shughuli.

Wengi huangushwa na betri. Bodi ikiamka kila nusu saa kwa sekunde 5 na kula miliampia 80, kwa siku inatumia kama mAh 5 tu (miliampia-saa, yaani miliampia mara saa za matumizi). Lakini kihisi cha unyevu kikiachwa kimewashwa hula miliampia 5 usiku na mchana, yaani mAh 120; taa ndogo ya kwenye bodi na regyuleta mbovu (kipande kinachoweka volti sawa) huweza kula kiasi hicho tena. Jua lisipotoka, betri ya mAh 2,500 haimalizi wiki mbili. Basi lisha kihisi kupitia transista (swichi ya kielektroniki) inayozimwa na programu, ng'oa taa, na chagua bodi ambayo ikilala hula chini ya miliampia 0.1.

Kihisi chenyewe cha udongo kiwe cha kapasitansi, yaani kinachopima uwezo wa udongo kushika chaji. Vile vya miguu miwili ya chuma huliwa na kutu kwa sababu mkondo unapita kwenye udongo wenyewe. Hata hicho kizuri hunyonya maji kwenye kingo zilizokatwa, kwa hiyo pakaa kingo rangi ya kucha mara tatu (ya dukani, ya bei rahisi, inatosha). Kukipima hewani na kwenye glasi ya maji hakutoshi. Chukua udongo wa shamba lenyewe, ukaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, pima kilo 1, kisha ongeza gramu 100 za maji kila hatua, ukichanganya, ukishindilia na kuandika namba ambayo kihisi kinasoma. Shambani, kizike bila kuacha mwanya: hewa ikikizunguka, kitasema kiangazi huku mvua inanyesha.

Usiwashe redio bila antena, unaweza kuiunguza. Antena ipite kimo cha mahindi yaliyokomaa, si cha miche.

Kwenye uzio, usiunganishe bodi moja kwa moja na waya: mapigo yake ni maelfu ya volti. Waya wenye ganda uliowekwa karibu na ule wa uzio hunasa mapigo, takriban moja kila sekunde, na bodi huyahesabu. Hilo huonyesha uzio uko hai, si nguvu yake. Kujua volti kunahitaji kigawanyo cha rezista za volti kubwa, kinachopunguza volti hadi kiasi ambacho bodi inaweza kupima. Nguvu ikishuka polepole baada ya mvua, shuku majani yanayogusa waya. Visanduku vyote kuanzia nguzo fulani vikisoma sifuri kwa wakati mmoja, waya umekatika kabla ya nguzo hiyo.

Sifuri hiyo lazima itumwe. Kisanduku kilichopangwa kunyamaza pasipo mapigo hakitofautiani na kilichokufa betri.