Tarehe ya mwisho kwenye viza si siku yako ya kurudi

Juzi asubuhi, helmeti ya bodaboda ikiwa bado kichwani, nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Tabata. "Mwanangu, viza ya Ujerumani imetoka! Wamenipa mpaka tarehe nane mwezi wa saba. Nimeshamwambia kijana asogeze tiketi ya kurudi, nikae na mjukuu kidogo." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mtu anapiga vigelegele.

Nikaomba picha ya stika. Ikaja imepinda, kidole gumba kimefunika nusu ya picha yake, lakini mistari ninayoitaka ilisomeka: kuanzia 03-06-26, BIS 08-07-26, idadi ya kuingia 01, na pembeni kule, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezitazama, 21 TAGE. Kwa Kijerumani BIS ni "mpaka". TAGE ni "siku".

Siku ishirini na moja, mama. Si thelathini na sita.

Nashughulikia mafaili ya viza hapa Dar es Salaam, huu mwaka wa 14, na sijui kwa nini nilidhani kosa hili lingepungua watu wakishakuwa na simu za kukuza picha. Halijapungua. Msomi analifanya, mchungaji analifanya, mfanyabiashara aliyekwenda Guangzhou mara kumi analifanya. Na mbaya zaidi, ndugu aliyeko Ulaya ndiye anayemthibitishia mgeni wake kwamba "imeandikwa mpaka Julai, we kaa tu." Yule ndugu ana kibali cha ukaazi. Mara ya mwisho kusoma stika ya viza ya siku chache ni lini? Lakini kwa kuwa anaishi huko, neno lake ni sheria.

Haya. Fikiria bando. Umenunua dakika 21, mtandao umekupa siku 36 za kuzitumia. Dakika zikiisha siku ya kumi, zimeisha, hata kama muda bado upo. Na muda ukifika, dakika zilizobaki hazina kazi tena. Hakuna Mtanzania asiyelielewa hili anapojiunga na kifurushi. Stika ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni kitu kilekile: zile tarehe mbili ni dirisha, ile namba ya siku ndiyo bando lenyewe. Unaondoka kwa kile kinachotangulia kuisha.

Sasa mama akauliza swali ambalo wote huuliza, na ni swali la haki: kama ni siku 21, tarehe nane Julai waliiandika ya nini?

Waliiandika kwa sababu kanuni za viza za Ulaya, zile za mwaka 2009, zinataka viza ya kuingia mara moja iongezewe siku 15 za tahadhari kwenye dirisha. Ukiomba siku 21, wanajumlisha 15, inakuwa 36. Chukua kalenda uhesabu kuanzia Juni 3 hadi Julai 8, utazipata 36 kamili. Maana yake ni kwamba ndege ikighairishwa, au ukaugua malaria wiki ya safari, unaweza kuanza safari yako kwa kuchelewa bila kuomba viza upya. Wamekusaidia tarehe za kuondoka nyumbani. Hawajakuongezea siku hata moja ya kukaa. Msaada mzuri, ila umeandikwa kwa namna inayowatega haohao uliokusudiwa kuwasaidia, na kama ningeulizwa ningesema hiyo namba ya siku iandikwe kubwa kuliko tarehe. Hakuna aliyeniuliza.

Sehemu ya pili ya tatizo ni namna tunavyohesabu. Kwa sheria ya mipaka ya Schengen, siku unayoingia ni siku ya kwanza na siku unayotoka ni siku ya mwisho. Zote mbili zinahesabiwa nzima. Ukigongewa kuingia saa 5:40 usiku, umekula siku nzima kwa dakika ishirini. Sisi hatuhesabu hivyo. Tunahesabu usiku tuliolala, au tunasema "wiki tatu" tukimaanisha Jumatano hadi Jumatano. Jumatano hadi Jumatano ya wiki ya tatu ni siku 22! Nimeona tiketi ngapi zilizokatwa hivyo kwa viza ya siku 21. Na kwa bibi yangu mambo ni magumu zaidi, maana kwake siku mpya inaanza jua likizama. Ukimwambia usiku wa Alhamisi yeye anaelewa ule wa kuamkia Alhamisi. Mpakani siku inageuka saa sita usiku. Hawana kuamkia.

Mama wa Tabata anaruka Dar jioni ya Juni 3 na kutua Frankfurt asubuhi ya Juni 4. Siku yake ya kwanza ni Juni 4, si Juni 3, kwa sababu angani hakuhesabiwi. Siku ya 21 ni Juni 24. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuonekana mbele ya afisa wa mpakani akitoka, na mimi sipendi mtu aondoke siku ya mwisho. Namtaka aondoke siku moja kabla, ikiwezekana mbili, kwa sababu ya migomo ya viwanja vya ndege. Wengine wananiambia nazidisha woga. Inawezekana. Lakini mimi ndiye ninayepigiwa simu.

Mwaka jana nilipigiwa na mama mwingine, wa Moshi, alikuwa amezidisha siku nne kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Tarehe ya mwisho ya dirisha ilikuwa bado mbali, kwa hiyo hata wazo la kosa halikumjia. Pale pa kutokea wakamtoa kwenye foleni, wakamkalisha kwenye benchi na mkoba wake mapajani, wakamhoji kupitia mkalimani wa simu. Ndege aliiwahi. Alichokipoteza ni kingine: ombi lililofuata lilikataliwa, na kwenye faili jipya ikabidi tuandike barua ya kurasa mbili kueleza siku nne. Hapa kuna jambo ambalo vijitabu vya maelekezo havilisemi. Nimewahi kuwa na wateja wawili wenye kosa linalofanana kabisa, mmoja akaonywa kwa mdomo, mwingine akaandikiwa. Kanuni ni moja, maafisa ni wengi. Kwa hiyo mtu akiniuliza "siku moja tu si wanasamehe?", jibu langu la kweli ni kwamba wapo waliosamehewa, na kwamba nisingemtuma mama yangu mzazi akajaribu.

Tena siku hizi huwezi kutegemea muhuri uliofifia. Tangu Oktoba 12, 2025 wameanza mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka. Unapigwa picha ya uso, kuingia kunaandikwa kwenye kompyuta, kutoka kunaandikwa, na mashine yenyewe inajua umebakiza siku ngapi. Zamani afisa alipekua kurasa akihesabu kwa vidole. Mashine haipekui.

Je, viza inaongezwa ukiwa hukohuko? Ndiyo, lakini si kwa sababu za furaha. Ukilazwa hospitali, au safari za ndege zikasimama kwa jambo lililo nje ya uwezo wako, unakwenda ofisi ya wageni ya mji ulipo kabla siku hazijaisha, na huongezewa bila malipo. Kuna sababu nzito za kibinafsi pia, hizo hulipiwa euro 30 na wao ndio wanaoamua kama ni nzito. Ubatizo sijauona ukipita.

Sasa wenzangu wa viza za kuingia mara nyingi, msicheke. Nyie mna kosa lenu, na ni la gharama kubwa zaidi. Kwenye stika yenu kumeandikwa MULT, dirisha la mwaka mzima au zaidi, na siku 90. Mnaisoma kama siku 90 kila mnapoingia. Ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo 180 hazianzi Januari, wala hazianzi siku mliyoingia. Zinahesabiwa kurudi nyuma. Kila siku unayoamka Ulaya, unatazama nyuma siku 180, leo ikiwemo, unajumlisha siku zote ulizokuwepo. Zikizidi 90, umevunja.

Mfano halisi wa mteja wangu wa vipuri. Alikaa Ujerumani Januari 10 mpaka Machi 10, 2026. Hizo ni siku 60. Anataka kurudi Juni 1. Anabakiwa na ngapi? Akiingia Juni 1, kila akitazama nyuma zile 60 bado zipo zote, kwa hiyo ana 30, lazima atoke Juni 30. Lakini akisubiri akaingia Juni 9, siku yake ya 30 ni Julai 8. Kesho yake, Julai 9, Januari 10 inadondoka nje ya hesabu. Julai 10 inadondoka Januari 11. Kila siku mpya anayoongeza, moja ya zamani inatoka, na anaweza kukaa mfululizo mpaka Septemba 6, siku 90, ilimradi dirisha la viza bado liko wazi. Siku nane za kusubiri Dar zimempa siku 60 za ziada. Nilimhesabia mara tatu kwa sababu hata mimi sikuamini, kisha nikaingiza tarehe kwenye kikokotoo cha Tume ya Ulaya kilichoko mtandaoni, kikakubali. Kitumieni hicho kikokotoo. Ni cha bure.

Wale wa "natoka kidogo London halafu narudi, siku zinaanza upya": hazianzi. Na ukiwa na 01 kwenye stika, ukienda London huwezi kurudi kabisa, bando limefungwa. Uswisi, kwa upande mwingine, haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo kwenda Zurich si kutoka. Ireland ni kinyume chake. Bulgaria na Romania wameingia kikamilifu Januari 1, 2025, basi msiwasikilize wanaoshauri kwenda "kupumzisha siku" Bucharest. Ushauri huo umepitwa na wakati.

Mengine haraka, maana nina foleni nje.

Viza haikuhakikishii kuingia. Afisa wa mpakani anayo haki ya kukuuliza tena unakwenda wapi, unalala wapi na una fedha gani. Weka mwaliko, bima na tiketi ya kurudi kwenye mkoba wa mkononi, usiviweke kwenye begi lililoko tumboni mwa ndege. Bima isipungue kinga ya euro 30,000 na ifunike siku zote. Unaruhusiwa kutua nchi tofauti na iliyokupa viza, ila safari yako kuu iwe kweli kule ulikosema. Ndugu zetu wa Kongo wenye pasipoti ya DRC: hata kubadilisha ndege tu kwenye uwanja wa Schengen bila kutoka nje kunahitaji viza ya kupita uwanjani, isipokuwa uwe na vibali fulani vya nchi nyingine, kwa hiyo ulizeni kabla ya kukata tiketi ya bei rahisi. Fedha taslimu kuanzia euro 10,000, tangaza. Na ukipanda treni kutoka Paris kwenda Ujerumani beba pasipoti. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024.

Mama wa Tabata nilimwandikia yote haya kwa ufupi, na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa. Akanyamaza saa nzima. Nikajua anazungumza na kijana. Kisha sauti nyingine: "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Na vyakula je? Mkwe ametamani nyama ya kukausha na maembe."

Nyama hapana, mama, wala maziwa na jibini, hata ukifunga kwa foili mara tano. Maembe hapana, labda uwe na cheti cha afya ya mimea, na kwa maembe manne huendi kukitafuta. Matunda yanayopita bila cheti ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Dagaa wakavu wanapita, ila uwafunge vizuri kwa heshima ya abiria wenzio.

Tiketi imerudishwa Juni 23, Jumanne, ilipokuwa tangu mwanzo. Kijana amelipia kuibadilisha mara mbili. Nazi anabeba mbili.