Solo haikunenepeshi, dada. Angalia kiunoni

Jumamosi iliyopita kaja mteja wa tatu ndani ya mwezi mmoja na kauli ileile. Kaweka kitenge mezani, kanionyesha picha kwenye simu, sketi ya kubana mpaka chini ya goti, akasema: "Fundi, solo usinitajie. Kwa nyonga hizi nikivaa solo si nitakuwa hema?" Solo ni ile sketi pana inayokatwa kwa duara. Nikampima. Kiuno inchi 36, nyonga inchi 48. Nikaweka futi chini nikamvutia kigoda akae, maana hili jambo nimechoka kulieleza huku nimeshika mkasi. Naliandika hapa mara moja, na kila atakayeniuliza tena nitamtumia.

Sketi pana ziko za namna mbili, na watu wanazitupa kapu moja.

Ya kwanza ni ya kukusanya. Unachukua vipande viwili vya kitenge, kila kimoja upana wa inchi 45, unaviunga, unapitisha uzi juu, unavuta mpaka vienee kiunoni. Kwa mteja wangu huyu, inchi 90 zingeingia kwenye 36. Maana yake kila inchi moja ya kiuno inabeba inchi mbili na nusu za kitambaa, zimerundikana juu ya tumbo na nyonga, pale pale asipotaka kitu kiongezeke. Hii ndiyo hema. Hapo sibishani na mtu.

Ya pili ni solo, na hapa nachukua nusu solo, yaani ya nusu duara, kwa sababu ndiyo ninayoikata zaidi. Kiuno 36 nagawa kwa 3.14, napata karibu inchi 11 na nusu. Hiyo ndiyo kamba ya kuchorea duara la juu. Kutoka hapo nashuka inchi 28 za urefu. Kiunoni hakuna mkunjo hata mmoja, kitambaa kimelala bapa. Inchi 9 chini ya kiuno, pale nyonga zinapojaa, mzingo wa sketi umeshafika inchi 64. Nyonga zake ni 48. Anabakiwa na inchi 16 za kupumua, hakuna kinachovutwa, hakuna kinachobana. Pindo nalo linazunguka inchi 124. Soma tena: 124, pana kuliko ile ya 90, na bado ukiivaa unaonekana mwembamba. Upana unaongezeka kadiri unavyoshuka, haukurundikana kiunoni. Siyo uchawi, ni hesabu ya duara ya shule ya msingi.

Sasa ile ya kubana anayoililia, sketi ya penseli. Fungua picha zako za send-off, angalia chini ya tumbo. Utaona mikunjo miwili mitatu imelala, imevutika kutoka nyonga moja hadi nyingine. Watu wanaiita shepu. Mimi naona sketi isiyotosha nyonga, inapanda juu kutafuta mahali pembamba pa kukaa. Sketi ya penseli nzuri haina mikunjo hiyo, na kuipata lazima upimwe umekaa, siyo umesimama tu huku umevuta pumzi. Ukikaa nyonga zinaongezeka inchi moja, wengine mbili. Fundi asiyekupima umekaa anakushonea sketi ya kusimama, na wewe kesho unapanda bajaji. Kazini kwangu kigoda kipo kwa ajili hiyo. Penseli ikikupa nafasi ya inchi 2 nyongani, ikawa na mpasuo nyuma na bitana ndani, basi ni sketi ya ofisini isiyo na mshindani. Bila hivyo ni kifungo.

Kuna jambo linanisumbua nami nalikiri. Hesabu yangu ya solo inategemea kitambaa kianguke, na kitenge kipya hakianguki. Kina wanga, kinasimama kama karatasi ya bahasha, na solo ya kitenge kisichofuliwa inapanuka kweli kama mwavuli. Loweka kwanza, anika, piga pasi, ndipo ulete. Kitapunguza wanga, kitarudi kidogo, kitalainika. Lakini kitambaa kikiwa laini mno, kama krepu nyepesi, kinalala juu ya tumbo na kulichora. Katikati ya hapo na hapo sina kanuni. Nakishika kwa ncha, nakiacha kining'inie mkononi, naamua kwa macho, na mara nyingine nakosea.

Mistari vilevile. Vitabu vya ushonaji vinasema ya kusimama inarefusha, ya kulala inapanua. Ila Mjerumani Hermann von Helmholtz aliandika tangu karne ya 19 kwamba mraba uliojazwa mistari ya kulala unaonekana mrefu kuliko upana wake. Mezani kwangu nimeona pande zote mbili zikishinda. Ninachokisimamia bila shaka ni mchoro wenye kichwa na miguu: ndege, taa, kikapu. Ukikata nusu solo kwa kitenge cha ndege, wa katikati wanasimama, wa pembeni wanalala ubavu. Hilo niulize kabla sijakata.

Urefu nitaupitia haraka. Umoja wa Vijana wa TANU ulizipiga vita sketi fupi kwenye Operesheni Vijana, mwanzoni mwa 1969, na hadi leo mteja akisema "ndefu" anazungumzia heshima. Mimi nazungumzia kigimbi. Pindo likiishia katikati ya kigimbi, mguu wote unaonekana mnene kama pale. Lishushe chini yake au lipandishe karibu na goti. Masika, Machi hadi Mei, usitake sketi ya kuburuza hapa Dar. Inafyonza matope mpaka magotini. Joto la Kaskazi linadai pamba, polista itakung'ang'ania mapajani kabla hujafika kituoni. Ukienda Njombe au Lushoto Juni na Julai, chukua kadeti nzito yenye bitana. Msibani ni solo ya rangi tulivu, maana utakaa mkekani na miguu inataka nafasi. Kwenye pantoni ya Kigamboni upepo unainua solo: pindo pana la inchi 2 lenye uzito, na ndani vaa kitu.

Sare za kamati ya harusi ndizo zinanitoa machozi. Wanawake 14, miili 14, mshono mmoja, kwa sababu mwenyekiti kaupenda kwa mtu aliyemwona kwenye simu. Kitambaa kimoja kinatosha kuwa sare. Mkato kila mmoja achukue wake. Nimelisema hili kwa upole miaka mingi, sasa nalisema hivi hivi.

Yule mteja alikubali nusu solo, yadi 2 na robo, mchoro wa majani yanayotambaa kila upande. Niliitundika usiku kucha bila pindo, kwa sababu sehemu zilizokatwa mshazari hushuka zenyewe, na asubuhi upande mmoja ulikuwa umezidi karibu nusu inchi. Alipokuja kujaribu nilimwambia avae viatu vya siku yenyewe. Alikuwa amekuja na kandambili. Nimemrudisha nyumbani akavichukue. Pindo bado sijalikunja.