Wanyama wa plastiki kwenye meza ya mchezo: dhana potofu na ukweli

Ukipita Kariakoo utawakuta wamening'inizwa kwenye mifuko ya nailoni: simba, twiga, tembo, mamba, pengine na dinosaria mmoja, wote kwa bei ya chini kabisa. Kwa wengi hivyo ni vitu vya mtoto wa chekechea. Kwa sisi tunaocheza michezo ya mezani, ile ya kupanga vijisanamu vilivyopakwa rangi, kuvisogeza kwa kupima na rula na kuamua matokeo kwa dadu, mfuko ule ni hazina. Bahati mbaya umezungukwa na maneno mengi yasiyo ya kweli, na baadhi yake yanamharibia mtu kazi aliyoifanya kwa moyo wote.

"Mchezaji wa kweli hatumii midoli"

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana historia yenyewe inaikataa. Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974, ndio mama wa karibu michezo yote ya kuigiza wahusika inayochezwa leo. Kabla yake Gary Gygax na wenzake wa mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, walikuwa wakipigana vita vya vijisanamu mezani. Sanamu za mazimwi na majitu zilikuwa adimu wakati huo. Gygax akanunua mfuko wa wanyama wa plastiki wa bei rahisi kutoka Hong Kong, walioitwa wanyama wa kale ingawa hawakufanana na kiumbe chochote kilichowahi kuishi. Mmoja alikuwa na mkia wenye mapanga kama ya pangaboi. Akafanywa dude linalogeuza chuma kuwa kutu na kukila. Mwingine akawa dubu mwenye kichwa cha bundi. Hao wawili waliingia kwenye kitabu cha nyongeza cha mchezo mwaka 1975. Wa tatu, mwenye mgongo wa magamba mazito, akapewa jina la bulette na kutokea mwaka 1976 katika toleo la kwanza la jarida la The Dragon, chini ya mhariri Tim Kask.

Mpaka leo wote watatu wamo mchezoni, na watengenezaji wanauza sanamu zao kwa bei ya kununua mifuko kadhaa ya ile ya awali. Wachezaji waliokuwa na kidogo walikitazama vizuri walichokuwa nacho, wakakipa jina na tabia.

"Rangi ya mafuta ndiyo inayoshika, ya maji itatoka"

Ushauri huu ni mzuri kwa mlango wa mbao au geti. Kwa wanyama hawa unaharibu. Wengi wao, hasa wale wanaopinda ukiwabonyeza, ni PVC iliyochanganywa na vilainishi, yaani kemikali za mafutamafuta zinazoifanya plastiki iwe laini. Vilainishi hivyo havikai mahali pamoja. Taratibu vinatoka kuelekea juu. Ukipuliza rangi ya kopo yenye tina, tina inalegeza plastiki na vilainishi vinaingia kwenye rangi. Matokeo yake unayajua kwa kidole: rangi inaonekana imekauka, lakini ukishika inanata, na wiki mbili baadaye bado inanata, imeshakusanya vumbi na nyuzi za nguo. Vanishi ya kupuliza inaweza kuleta balaa hilohilo hata kama chini yake ulipaka vizuri. Ndiyo maana wale wanaosema "nitaifunika kwa vanishi" wanashangaa tatizo linapozidi.

Kinachofaa ni rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, na praima ya akriliki, yaani rangi ya msingi inayosaidia nyingine kushika, ya kupaka kwa brashi. Paka nyembamba, acha hadi kesho yake, kisha ongeza ya pili. Vanishi nayo iwe ya maji.

Ila si kila mnyama wa mfukoni ni PVC, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kuna walio wa poliethilini, plastiki inayoteleza kama ina nta, na rangi yoyote ikipakwa juu yake bila maandalizi inabanduka vipande vipande. Kipimo chake ni rahisi. Chukua wembe, ukate kipande kidogo sana chini ya unyayo, pasipoonekana. Kitie kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kikandamize kwa kijiti ili viputo vya hewa vitoke, kisha ukiachie. Kikiwa laini na kikazama, karibu hakika ni PVC. Kikielea, ni poliethilini au ndugu yake polipropilini. Usimtumbukize mnyama mzima, kwa sababu wengi wana uwazi tumboni na hewa itakudanganya. Kwa wale wanaoelea, mafundi wanaopulizia rangi bampa za magari wana praima maalumu ya plastiki, kwani bampa nyingi ni za polipropilini. Hata ukiitumia, chagua mnyama mgumu asiyepinda, kwa kuwa mguu ukipinda rangi hupasuka palepale kwenye goti.

Kuosha hakuna mjadala. Mnyama anatoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kalibu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, basi.

"Miguu imepinda, mtupe"

Mtumbukize kwenye maji ya moto hadi alegee, mnyooshe, kisha mwingize kwenye maji baridi ukiwa bado umemshikilia. Mshono wa kalibu unaopita mgongoni ukate kwa wembe mpya. Msasa kwenye PVC laini unaacha vinyuzinyuzi ambavyo rangi itavionyesha vyote.

"Ukubwa wake haulingani na sanamu zetu"

Wengine hawalingani kweli. Mfuko mmoja humpa simba na tembo urefu uleule, kwa sababu kiwanda kinafuata ukubwa wa mfuko. Lakini hesabu ni nyepesi. Kwa vijisanamu vya milimita 28, yaani mtu aliyesimama ana urefu wa karibu milimita 28, ambavyo ndivyo vilivyoenea zaidi, mita moja ya uhai ni takribani milimita 18 mezani. Pima begani. Tembo dume wa mita 3.2 anatakiwa afike kama milimita 58, nyati wa mita 1.5 afike 27, simba afike kama 20 tu. Mamba wa mita nne atakuwa na urefu wa milimita 72 toka pua hadi mkia, na mamba wa namna hiyo wamejaa mifukoni. Nenda dukani na rula. Simba aliyezidi mara mbili bado ana kazi kwenye mchezo wa mazimwi, kama jitu la porini ambalo wachezaji wanne hawaliwezi.

"Rangi za wanyama zinajulikana: tembo kijivu, simba njano"

Hapa sisi wa huku tuna nafasi ya kufanya kazi nzuri kuliko yeyote, na inasikitisha tukiiga rangi za kiwandani. Tembo hubeba rangi ya udongo anaojipaka. Wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo wenye chuma. Wa Amboseli wanapaukia kwa vumbi jeupe. Ukitaka tembo wa Tsavo, anza na kijivu cha kahawia, pitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji iingie kwenye mikunjo ya ngozi, ikikauka chukua brashi iliyofutwa karibu yote, yenye rangi ya matofali, uisugue mgongoni, kichwani na miguuni. Mikunjo ibaki na giza. Pembe usizipake nyeupe ya karatasi. Zipake rangi ya krimu, na mahali zinapotokea mdomoni weka doa la kahawia.

Twiga wa mfukoni mara nyingi ana madoa ya duara. Twiga wa Kimasai, anayepatikana Tanzania na kusini mwa Kenya, ana mabaka yenye kingo zilizochongoka kama majani. Pundamilia wa kawaida ana milia inayozunguka hadi tumboni na pua nyeusi. Pundamilia wa Grevy, wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, ana milia myembamba na tumbo jeupe. Kiboko ana waridi kuzunguka macho, masikioni na kwenye mikunjo ya shingo, na bila waridi hiyo anaonekana jiwe. Kifaru mweupe si mweupe hata kidogo. Ni wa kijivu kama mwenzake mweusi, na wawili hao utawatofautisha kwa mdomo: mpana kwa mla nyasi, uliochongoka kwa mla majani ya vichaka.

"Tembo ni tembo"

Kwa wanaocheza vita vya kale, hapana. Kwenye mapigano ya Raphia, karibu na Rafah ya leo, mwaka 217 kabla ya Kristo, Ptolemaio wa Nne, mfalme wa Misri, alileta tembo 73 wa Afrika, na adui yake Antioko wa Tatu, mfalme wa Siria, 102 wa Asia, kwa hesabu ya mwanahistoria Polybius. Tembo wa Afrika ana masikio mapana na mgongo uliobonyea katikati. Wa Asia ana masikio madogo, mgongo uliopanda na vinundu viwili utosini. Ukimweka wa Afrika upande wa Antioko, anayejua atakuuliza.

"Ukimaliza kucheza mrudishie mtoto"

Usifanye hivyo. Rangi za mezani hazikutengenezwa kwa ajili ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni, na huwezi kujua rangi ya awali ya kiwandani ina nini ndani yake. Ndiyo maana ukitaka kuikwangua hiyo ya awali, ikwangue ikiwa imelowa, usije ukavuta vumbi lake. Vilainishi vya PVC navyo vina sheria: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa aina kadhaa kwenye vitu vya watoto, lakini mfuko usio na jina la kiwanda hauonyeshi kama umefuata kikomo hicho. Mnunulie mtoto mfuko wa kwake, wenye jina la aliyeutengeneza.