Kuhamia kwenye basi kuukuu la shule: yanayosemwa na yalivyo

Nchini Marekani wilaya za shule huyauza mabasi yao ya manjano yakishazeeka, mengi kwa mnada. Wako wanaoyanunua, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko na choo, kisha wakahamia humo jumla. Picha zao zinapendeza: mbao nyeupe, taa ndogondogo, mbwa mlangoni. Kutu, karatasi na mvuke havipigwi picha, na hivyo ndivyo vinavyowashinda watu.

"Basi la shule limetunzwa, ukilipata kwa bei ya chini umeokota." Ni kweli kwamba hukaguliwa mara kwa mara, lakini fundi wa shule hawezi kuzuia chumvi. Majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo huila chesisi taratibu. Basi la Arizona, jimbo la jangwa huko kusini, laweza kuwa limepauka rangi na viti vimepasuka kwa jua, ilhali chini ni zima kabisa. Mimi ningechagua hilo. Kwa hiyo ingia uvunguni na tochi kabla hujaanza kupanga jiko litakaa wapi.

Wanunuzi wengi huulizia injini, na Cummins 5.9 au DT466 zinastahili sifa zake. Gia boksi haiulizwi. Mabasi mengi ya zamani yana Allison AT545, ambayo hupata moto upesi mlimani na haisaidii sana kulishikilia basi kwenye mteremko. Tazama na tairi: tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi hiyo hata isipokuwa kipara, imezeeka.

"Ukishang'oa viti, si basi la shule tena." Kwako, labda. Kila jimbo lina sheria zake, lakini kwa kawaida utatakiwa kutoa kibao cha kusimamisha magari, kuondoa taa za kumetameta na kufuta maandishi, na majimbo mengi hudai upake rangi nyingine. Manjano ile ilipendekezwa mwaka 1939 katika mkutano uliofanyika Chuo Kikuu cha Columbia, ili basi la watoto lionekane toka mbali. Dereva akiiona hujiandaa kusimama, ndiyo maana hawataki uzurure nayo.

Kisha kadi ya gari ibadilishwe isomeke kuwa ni gari la kuishi. Bima ndipo penye kazi, kwa sababu kampuni nyingi hukataa gari lililogeuzwa na mwenyewe. Piga simu za bima kabla ya kulipa hela ya basi. Hata anayezunguka mwaka mzima anahitaji anwani ya kisheria kwa ajili ya leseni, kodi na barua. Wengi huiweka South Dakota, Texas au Florida.

"Baridi ikija, washa hita ya gesi." Hapa ndipo basi huozea kimyakimya. Kilo moja ya propani, gesi ya hita hizo, ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Jumlisha pumzi za watu wawili usiku kucha na sufuria ya tambi. Mvuke huo wote hukimbilia bati na vioo vya baridi, hugeuka matone, huteremka nyuma ya mbao zako nzuri. Kuvu huanza, kutu hufuata.

Dawa yake hufanywa mapema: toa bati la dari, jaza povu la kuzuia baridi, punguza madirisha, tumia hita inayotoa moshi wake nje, na acha tundu la hewa wazi hata kukiwa na theluji. King'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, ni lazima. Cha propani kifungwe karibu na sakafu, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa.

"Sola itaendesha kila kitu." Itaendesha taa, simu na friji ndogo. Paneli za wati 400, siku ya jua kali, huleta kama yuniti mbili. Kiyoyozi cha paa huzimaliza kwa saa mbili hivi. Na betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto likiwa chini ya sifuri.

"Utaegesha popote, bure." Ardhi kubwa ya serikali kuu magharibi ni bure kweli, ila sehemu nyingi kikomo ni siku 14 ndani ya 28, kisha usogee. Karibu na Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya kulipia ambako unaweza kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kambi za binafsi zina masharti yake: nyingine hukataa gari lililozidi miaka 10, nyingine hukataa basi la kujitengenezea hata likiwa safi namna gani. Huko jangwani hakuna bomba, kwa hiyo utabeba maji. Lita 400 ni kilo 400. Tangi likae chini, kati ya ekseli, si nyuma kabisa wala upande mmoja.