Coq au vin inamtaka jogoo, si kuku wa wiki sita

Coq kwa Kifaransa ni jogoo, na coq au vin ni chakula cha Kifaransa cha jogoo aliyepikwa kwa mvinyo. Ninaanza na neno hilo kwa sababu wanafunzi wangu wengi wanaolalamika kwamba coq au vin yao imetoka nyuzi nyuzi, na mchuzi mwepesi kama maji, walinunua kuku wa kisasa. Kuku yule huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Nyama yake ni laini tayari, haina cha kungoja kwenye sufuria, na ikikaa humo saa mbili inasambaratika.

Chakula hiki kinahusishwa zaidi na Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, na kilimfaa jogoo mzee aliyemaliza kazi yake bandani. Misuli yake ni migumu, na viungo vimeshikwa na tando ngumu za kolajeni. Tando hizo zikitokota taratibu huyeyuka na kuwa gelatini, kitu kile kile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Ndiyo inayoupa mchuzi uzito. Kwa hiyo nenda sokoni ukamtafute jogoo wa kienyeji, wa kilo mbili hivi, aliyekomaa.

Mkate vipande, umlaze usiku mzima kwenye chupa moja ya mvinyo mwekundu mkavu pamoja na karoti, kitunguu, vitunguu saumu, thaimu na majani ya bay. Bourgogne hutumia mvinyo wa zabibu za Pinot Noir, lakini mwekundu wowote usio mtamu unafaa, mradi ungekubali kuunywa. (Watu wa Alsace, eneo jingine la Ufaransa, hupika na Riesling, mvinyo mweupe, na chakula hutoka kitamu kwelikweli.)

Jambo moja nakuomba ulizingatie: weka kando sufuria ya alumini. Mvinyo una asidi, na asidi hula alumini tupu. Mchuzi utakuwa na ladha ya chuma. Tumia sufuria nzito ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli.

Asubuhi toa vipande, uvikaushe kwa kitambaa safi. Usiharakishe hapa, maana nyama yenye maji haikaangiki, inachemka tu. Anza na vipande vya bekoni ya nguruwe hadi vitoe mafuta, vitoe, kisha kaanga jogoo kwa zamu hadi awe kahawia pande zote. Nyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano, ugeuze, kisha mimina mvinyo na mboga zake, ukikwangua kwa mwiko ule utando wa kahawia ulioshika chini. Ladha iko pale. Acha uchemke bila mfuniko dakika kumi, ongeza vikombe viwili vya supu ya kuku, funika, punguza moto.

Moto uwe mdogo kiasi kwamba unaona kiputo kimoja hapa, kingine pale. Saa mbili na nusu, pengine tatu. Choma paja kwa uma karibu na kifundo: ukiingia bila kubishana na nyama bado imeshika mfupa, ameiva. Pombe hupungua sana kwa muda huo, ila haiishi yote. Mgeni asiyekunywa, au asiyekula nguruwe, mwambie kabla hujapakua.

Uyoga na vitunguu vidogo vizima vikaange pembeni kwa siagi, uvitie mwishoni pamoja na bekoni ili visipondeke. Chumvi nayo ije sasa, kwa kuwa bekoni ina yake na mchuzi umeshapungua.

Ukiweza, mlaze tena hadi kesho yake. Ukipasha moto, chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila mchuzi kuufunika, andaa viazi vya kuchemsha na uite watu mezani.